Shali la Kijani

Belo lilifunguliwa mnadani Wete, Jumapili asubuhi,
wenzangu wakakimbilia magauni.
Mimi nikatia mkono chini kabisa, kunakonuka dawa ya nondo,
nikaibuka na sweta la mwanamume mkubwa,
kijani ya jani la mkarafuu.
"Lichukue," muuzaji akasema,
"limenilalia tangu Ramadhani."

Nyumbani nikakata mshono wa ubavuni,
nikatafuta ncha, nikavuta.
Sweta halichaniki, hufumuka,
mstari kwa mstari, trrr,
kama mtu anayekubali kusema
baada ya kuulizwa kwa upole.
Mwanangu Nuru akashika tonge la uzi,
likamuumukia viganjani.

Kwenye kiwiko uzi ukagoma.
Fundo.
Si la mashine. Kitanzi kilimponyoka mtu,
akarudi kukifuata, akakifunga na majirani zake,
akaficha mkia kwa ndani.
Mwenzangu, nikasema, sijui jina lako wala nchi yako,
ila hapa palikukera.
Labda mtoto alilia. Labda taa ilizimika.
Na mimi ninapo pahala kama hapo
katika kila nilichokifuma.

Nikaufua uzi kwa sabuni ya mche,
nikauanika na chupa ya maji chini yake, unyooke.
Bi Ghanima akapita na ndoo kichwani:
"Sufu, Pemba hii? Unataka kutupika Idi?"
"Kipupwe ni kipupwe," nikamjibu.
Alicheka mpaka maji yakamwagika.

Ana haki. Baridi yetu ni ya kuazima.
Huja na kusi alfajiri, hujilaza kwenye saruji,
humshika mama nyayo akitoka kutia udhu,
na ikifika saa tatu imeshakwenda zake, haikuaga.
Nafuma kwa ajili ya saa hizo chache.

Sindano zangu ni spoku mbili za baiskeli ya baba,
alizinoa mwenyewe juu ya jiwe la kisimani
mwaka ule Salhina na mimi tulipofundishwa pamoja,
yeye akaelewa siku moja, mimi wiki nzima.

Soksi za mama: vitanzi arubaini na vinne.
Kofia ya Shaame, anayelala kambini kulinda karafuu.
Kijifulana cha mtoto wake ambaye hajazaliwa,
hicho nimekifuma kwa kukisia.
Uzi uliobaki niliutazama siku mbili.

Salhina yuko Unguja. Mwaka wa tatu huu
hatusemezani, kwa mikarafuu kumi na mmoja
na maneno yaliyotoka siku ya kugawana.
Watu husema ana fundo na mimi.
Hawaulizi langu liko wapi.

Nikaanza shali.
Lile fundo la kiwikoni lilipofika kwenye sindano
nilikuwa na mkasi pembeni.
Sikulikata. Nikalifuma humo humo, kwa nje.
Shali likaenda na boti ya Alkhamisi,
ndani ya mfuko wa sukari, bila barua.

Asubuhi ya Idi mama alivaa soksi zake kwenda kusali,
akarudi nazo, akala bokoboko nazo,
jua limepanda, jasho linamtiririka shingoni.
"Vua, mama."
"N'vue nini? Nani kasema nna joto?"
Nuru akampepea kwa mfuniko wa chano.

Baada ya adhuhuri simu ikalia juu ya kabati.
Hakukuwa na salamu, wala idi njema, wala jina langu.
*Shali fupi. Hukunipima.*

Nikasoma nimesimama, kisha nimekaa,
kisha nikampa mama, aliyeisogeza mbali na macho,
akaisoma kwa sauti kama risiti ya duka.
"Kwani kasema uongo?" akauliza,
akajikuna kifundo cha mguu, juu ya sufu.

Jumapili narudi mnadani.
Kijani ile, wakiwa nayo tena.
Wakiwa hawana, yoyote.